Maji kaumba Mungu, bwawa je?

"Shikamoo mwalimu. Ninaishi Ngamiani, Tanga. Nina kijana wa miaka tisa, yuko darasa la tatu. Juzi katika Jiografia na Mazingira walipewa zoezi la kupanga vitu kumi kwenye safu mbili: 'vya asili' na 'vilivyotengenezwa na binadamu'. Kapata vinne. Bwawa la Mabayani kaandika ni la asili. Shamba la mkonge, asili. Nyumba ya udongo, asili. Mapango ya Amboni kaandika ni ya binadamu. Nilipomuuliza akasema: 'Mama, bwawa ni maji, na maji kaumba Mungu.' Babake akacheka, akasema mtoto kashinda hoja. Nilikosa jibu. Nimemkaririsha orodha siku tatu, lakini nikimpa kitu kipya anakosea tena. Je, ana uzito wa kuelewa? Na nimfundishe vipi hapa nyumbani, maana sina vitabu wala fedha ya safari?"

Marahaba, mwanangu, na poleni na zoezi. Nianze na lile linalokunyima usingizi: kijana wako hana uzito wa kuelewa. Angekuwa amebahatisha, ungemuuliza sababu akabaki anatafuna kalamu. Huyu ana sababu, na ameifuata mpaka mwisho bila kuyumba. Mimi nimefundisha jiografia shule za msingi miaka mingi, na walionitia wasiwasi zaidi ni wale wa kumi juu ya kumi: wamekariri orodha, halafu ukiwasimamisha mbele ya dimbwi lililojaa ndani ya shimo la machimbo wanakodoa macho, kwa sababu dimbwi hilo halikuwamo kwenye orodha.

Kilichotokea ni kwamba kijana alijibu swali moja, mwalimu akasahihisha jingine. Kijana alijiuliza kitu hiki kimetokana na nini. Mwalimu alitaka kujua umbo lake limeletwa na nini. Udongo ni wa Mungu, chungu ni cha mfinyanzi. Mninga kauotesha Mungu, mlango kauchonga seremala. Hapo hapana ugomvi na dini, na nakusihi usiuanzishe. Ukimwambia "hapana, bwawa hakuumba Mungu" utakuwa umemfungulia mtoto mjadala ambao hata mashehe na mapadri hawaumalizi kwa jioni moja. Kubaliana naye, kisha songa mbele: "Ndiyo baba, maji kaumba Mungu. Sasa nani kayazuia yasiende baharini?" Akilijibu hilo, zoezi zima liko mkononi mwake.

Lawama nyingine naitupia lugha yetu, pamoja na mapenzi yangu yote kwayo. Mtoto wa Tanga akisikia neno "asili" anasikia nini? Dawa za asili, ngoma za asili, mavazi ya asili. Yaani mambo ya wazee, ya zamani, yasiyo ya kizungu. Sasa nyumba ya miti na udongo, ambayo bila shaka amewahi kusikia mtu mzima akiiita nyumba ya asili, aiweke wapi? Ameitii lugha, akatiwa mkasi. Mwambie kwamba katika somo hili neno hilo lina kazi nyembamba zaidi: ni cha asili kile ambacho umbo lake limeletwa na mvua, mto, mawimbi, upepo, moto wa ardhini au kuota kwenyewe, hata kama hapakuwa na mtu wa kukitazama. Nyumba ya udongo, hata ingekuwa na umri wa miaka mia, ina mtu aliyeisimamisha nguzo.

Na "bwawa" lenyewe ni neno la hila. Mvua ikijaza bonde, yakaota magugu na vyura wakahamia, tunasema bwawa. Mainjinia wakiziba mto kwa ukuta, tunasema bwawa. Kwa hiyo usimfundishe neno mojamoja, mfundishe jozi, na hapo Kiswahili kinatulipa fidia kwa sababu jozi tunazo tele. Chemchemi hububujika yenyewe, kama ile ya salfa ya Galanosi karibu na Amboni; kisima kina mtu aliyeshika sululu. Mto na mfereji. Pango na handaki. Msitu na shamba. Kilima na tuta. Ghuba na bandari.

Hiyo jozi ya mwisho iliwahi kuniaibisha. Miaka mingi nyuma mtoto mmoja aliandika kwamba bandari ya Tanga ni ya asili, nikampiga kosa kwa wino mwekundu. Jioni nikitembea ufukoni nikajiona mjinga. Meli zinaweza kutulia pale kwa sababu ya ghuba, na ghuba hakuichimba mtu. Zamani, katika enzi ya barafu, maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda nchi kavu, na bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa mita zipatazo 120. Mito ilichonga mabonde mpaka huko chini. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda na kuingia mabondeni. Ndivyo zilivyopatikana ghuba na hori nyingi za pwani yetu, na mpaka leo mito ya Sigi na Mkulumuzi inamwaga maji yake katika ghuba ya Tanga. Gati, maghala na winchi, hivyo ni vya watu. Na siku hizi kina cha mahali pa kupita meli kimechimbwa kikafika mita 13, kwa hiyo hata sakafu ya ghuba sasa ina alama ya mashine. Yule mtoto alistahili nusu alama angalau. Sikumpa, na hilo bado linanikera.

Sasa Amboni, ambako kijana wako kakosea upande wa pili. Usimcheke. Watu wanaotoka kule wanasimuliaje? "Tuliingia mlangoni, tukapita chumba cha kwanza, kuna kochi, kuna sanamu." Kitu chenye milango, vyumba na kochi, mtoto wa miaka tisa atasema kimejengwa. Ongeza hadithi ya kwamba ukiingia pangoni unatokea Mombasa, na barabara ya Mombasa kila mtu anajua ina wajenzi. (Hadithi tamu, lakini si kweli.) Dawa yake ni kumwonyesha nguvu iliyochonga, na hii unaweza kuifanya jikoni kwako.

Chukua yai, lizamishe kwenye bilauri ya siki. Ataona povu dogo likipanda kutoka kwenye ganda. Acheni mpaka kesho yake, ikibidi badilisha siki. Ganda litakuwa limekwisha, yai limebaki na utando laini unaobonyea. Ganda la yai na mawe ya Amboni vimeundwa kwa kitu kilekile, chokaa. Mawe yale ni matope na magamba yaliyolundikana chini ya bahari, na hukadiriwa kuwa na miaka takriban milioni 150. Mvua inapoanguka hubeba hewa ya ukaa, ikipenya udongo huzoa nyingine, na maji yakawa na uchachu kidogo sana, mdogo mno kuliko wa siki. Uchachu huo ukipita katika ufa wa mwamba wa chokaa unaula kidogokidogo, ufa unakuwa tundu, tundu linakuwa chumba. Tone linaloning'inia darini huacha chembe ya chokaa kabla halijadondoka, na chembe juu ya chembe zinakuwa yale mawe yanayoning'inia kama matiti ya mbuzi. Ngazi, taa, na sadaka ambazo watu huzipeleka mle kwenye mizimu, hivyo vimekuja na watu. Mwache kijana avitenganishe mwenyewe. Siki ikikushinda bei, kamulia ndimu juu ya gamba la kombe, povu litaonekana, ingawa gamba halitaisha.

Shamba la mkonge ni kosa la rangi. Watoto, na watu wazima pia, huamini kwamba kila cha kijani ni cha asili na kila cha kijivu ni cha binadamu. Kwa mkoa wetu imani hiyo ni ya hatari, maana mkonge umetuzunguka mpaka tunauona kama ulikuwapo tangu Adamu. Mwambie kisa chake. Kwao ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika huku ikiwa hai ni 62, na hiyo ndiyo mama wa mashamba yote mnayopita mkienda Muheza au Korogwe. Mkorosho nao ni mgeni, ulitoka Brazil na Wareno, ingawa tumeuzoea hata mtaa tukauita Mikanjuni, maana mkanju ni jina jingine la mkorosho. Mmea wenyewe unaota kwa nguvu zake, hapo kijana hajakosea. Shamba ndilo la watu: mistari iliyonyooka, nafasi sawa kati ya mche na mche, msitu uliofyekwa kwanza ili lipate kuwapo. Misaji ya Longuza, miti ya mbao iliyopandwa kule Muheza, ni hivyohivyo. Ukiwa mbali utasema msitu, ukiikaribia unaona imepangwa safu kama wanafunzi mstarini.

Mistari iliyonyooka ndiyo dokezo bora kuliko yote ninayoyajua. Maumbile hunyoosha mara chache, na yakinyoosha ni kwa kitambo kifupi. Nanyi mnaishi ndani ya mfano: barabara za Ngamiani zimepewa namba, zimenyooka na kukatana kama daftari la hesabu. Ukimwonyesha kijana kwenye simu picha ya jiji kutoka juu, ataona namna mitaa yenu ilivyopigwa rula na ufuko ulivyojikunja unavyotaka. Kisha msogeze mpaka Mabayani. Upande mmoja wa bwawa umekatwa kwa mstari ulionyooka, huo ndio ukuta ulioziba Mto Sigi. Pande nyingine zimejitawanya kama vidole, kwa sababu maji yaliyozuiwa yamerudi nyuma na kupanda kila kijibonde yalichokikuta. Hakikisha anajua kwamba maji ya bomba ya jiji hutoka huko. Mtoto akishajua kwamba chai yake ya asubuhi imepitia bwawa lile, hatasahau kwamba kuna watu waliolijenga na sababu ya kulijenga.

Kabla sijaingia kwenye mbinu, nikuondolee dhana moja zaidi: kwamba cha asili hakibadiliki na cha binadamu ndicho kinachokuja na kuondoka. Kule Pangani kuna Maziwe. Wazee wanakikumbuka kikiwa kisiwa chenye miti, na kasa wakipanda kutaga. Leo ni fungu la mchanga mtupu, maji yakijaa linazama. Bado ni la asili, ila bahari imeligeuza. Wakati huohuo tuta la reli, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka huohuo wa 1893, lipo palepale.

Haya, nyumbani ufanye nini. Kukariri orodha acha leo. Orodha inamfundisha majina kumi, na dunia ina zaidi ya hayo.

Kilicho bora kwangu hakina gharama: ufuko wenye mchanga wakati wa bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, maji yakipwa mbali. Maji yanaporudi huchora vijito vidogo mchangani, vyenye matawi kama mti uliolala. Mwonyeshe. Kisha mpe kijiti achimbe mfereji wake na auzibe kwa ukuta wa mchanga, amimine ndoo ya maji aone yanavyojaa nyuma ya ukuta. Mwache alinganishe cha kwake na cha bahari, asikuambie jina, akuambie tofauti. Nakuhakikishia hatafika nusu saa kabla hajasema wake umenyooka. Kaeni mpaka maji yaanze kujaa, aone ukuta ukienda. Ila usimwache peke yake, maji ya bamvua hurudi kwa kasi na hori hujaa nyuma yako hujui.

Picha za simu zina faida niliyoitaja, lakini zina ila yake: mtoto wa umri huu bado ni mgeni wa kutazama mahali kutoka juu kama kunguru. Ukimrukisha moja kwa moja mpaka milima ya Usambara ataona kijani tu, hataona kwamba ni ardhi iliyoinuliwa. Anzia bati la nyumba yenu, mwende msikitini au kanisani, mwende shuleni, halafu ndipo mtoke mjini. Dakika kumi zinatosha, bando nalo ni pesa.

Picha za vitabuni mimi sizitegemei sana. Huonyesha Kilimanjaro upande huu na daraja upande ule, vitu ambavyo hata mtoto wa chekechea hawezi kuvichanganya. Ugumu wote uko katikati. Ndiyo maana ningekushauri nyumbani mchore safu ya tatu, muiite "asili iliyotiwa mkono". Ghuba yenye gati inaingia humo. Mashamba ya chumvi, ambako maji ya bahari huingizwa kwenye vijaruba vya kuchimbwa yakaachiwa jua, yanaingia humo. Maporomoko ya Mto Pangani pale Hale, ambako umeme umezalishwa tangu 1964, yanaingia humo: mteremko ni wa mto, mitambo ni ya watu. Safu hiyo ndiyo itakayompa raha ya kubishana, na katika kubishana ndimo anamojifunza.

Lakini nisikudanganye. Shuleni hakuna safu ya tatu. Mtihani ukimpa mbili, bwawa lenye ukuta ni la binadamu, shamba ni la binadamu, pango, mto, kisiwa na mlima ni vya asili, basi, hakuna nusu nusu. Mweleze wazi kwamba pale anaulizwa nani aliyetoa umbo kuu, aandike hilo, mengine ayahifadhi kwa mazungumzo ya nyumbani. Watoto wanaelewa jambo hili kuliko tunavyodhani. Wanajua vizuri kwamba kwa bibi kuna sheria nyingine.

Safari ya Amboni, ukijaaliwa, inafaa. Ni kama kilomita nane tu kutoka mjini. Nendeni na mwongoza wageni wa pale, viatu vya kufunika, tochi yenu wenyewe, na kijana asijaribu pango jingine lolote bila mtu mzima anayelijua. Bwawani sipashauri kwa matembezi, picha inatosha.

Kuna mahali ambapo barua yangu haitoshi. Nenda na daftari kwa mwalimu wake, kwa upole, umwombe amuulize mtoto sababu ya majibu mawili matatu. Usiende kudai alama. Walimu wenye watoto wengi darasani husahihisha kwa jibu, si kwa sababu, na wengi hufurahi wakisikia kilicho nyuma ya kosa. Baada ya mwezi mmoja wa jozi na mchanga, akiwa bado hawezi kukueleza kwa nini kisima si chemchemi, au ukiona taabu hiyohiyo ya kupanga vitu katika hesabu na kusoma, omba kukaa na mwalimu mkuu na mwalimu wa elimu maalumu mlizungumze uso kwa uso. Na mkiwa njiani Muheza wenzake wakinyoosha kidole milimani yeye akawa anafinya macho, au daftari analisogeza mpaka puani, hilo si somo tena. Mpeleke hospitali ya Bombo akapimwe macho.

Babake naye asifikirie kashinda. Mwambie amuulize kijana kichuguu kikae safu gani: kina kuta, kina vyumba, kimejengwa kwa udongo, na aliyekijenga hana mikono. Mimi ningekiweka upande wa asili, kwa sababu safu ya pili imeandikwa "binadamu" na mchwa si binadamu. Lakini usiwaambie mapema, waache wabishane kwanza.